Kamio Isiyogusa Udongo

Juzi kijana mumoja wa mutaa wetu alinikuta nimekaa mbele ya nyumba, ninachambua sombe, majani ya muhogo, pamoja na muke wangu. Hata kusalimia hakusalimia vizuri. "Papa," akasema, "ni kweli kuna magari yanaelea juu ya sumaku, hayagusi chini, hayatoi moshi? Kwetu Kalemie yatafika lini?" Muke wangu akacheka mpaka majani yakamutoka mukononi, maana alijua kijana wa watu amechokoza muzinga wa nyuki. Akaingia ndani kuweka maji ya bukari, ugali wetu, akatuacha.

Nikamujibu: mwanangu, hapa Kalemie kamio ya hivyo, lori la kuelea, ilishafika. Niliiunda mimi na Papa Mulongo, ndani ya garaji, wakati wa Zaire. Ilikuwa na urefu wa sahani ya samaki.

Basi na nyinyi wengine wenye swali kama lake, kaeni. Mimi nilikuwa fundi wa bobine: dinamo, demarere, ventilateri, kila kitu chenye waya wa shaba uliozungushwa ndani. Masomo yangu yaliishia pale minerval, karo ya shule, ilipoishia, lakini pua yangu iliendelea kusoma. Bobine iliyoungua kwa sababu ya maji inanuka kama nguo mbichi chini ya pasi. Iliyoungua kwa sababu shofere amekazana na ufunguo inanuka kama samaki iliyosahauliwa juu ya makala ya moto. Kwa hiyo shofere akija na hadithi yake, "Fundi, imekufa yenyewe, mi sikuigusa," mimi nilinusa kwanza ndipo nikamusalimia. Mukijifunza kazi yoyote, jifunzeni harufu yake. Harufu haidanganyi.

Papa Mulongo njo alinifundisha. Alikuwa Muluba wa Kabalo, meno ya mbele hana, na alikuwa akishika waya kwa ufizi kama wengine wanavyoshika kwa koleo. Demarere ya kwanza niliyoifunga peke yangu, ile mashine ndogo ya kuamsha moteri, tulipoiweka kwenye kamio ililia kwa nguvu sana, wiiii, na moteri haikutikisika hata kidogo. Nilikuwa nimegeuza ncha za waya, inazunguka kinyume. Nilidhani ananifukuza. Akainama, akasikiliza, akasema, "Kijana, umeifundisha kurudi kwao. Sasa ifundishe kwenda kazini." Tangu siku hiyo, kila waya niliufunga uzi wa rangi kabla ya kuufungua, na ninyi fanyeni hivyo.

Kitu kilichotuua miaka ile ni waya. Fikirini: nchi ya shaba, shaba yenyewe inapita mbele yetu kwenye wagoni kwenda kwenye maboti, tunaipungia mukono, lakini waya wa shaba wa kufungia demarere, hakuna. Tulitoa waya kwenye mashine iliyokufa tukaweka kwenye iliyo mahututi. Mwishowe kamio nyingi za muji hazikuwa tena na demarere nzima, wala batri ya maana. Shofere akizima moteri, lazima atafute watu wa kusukuma. Basi wakaacha kuzima. Ikiwashwa asubuhi, inanguruma mpaka jioni, hata kama imesimama tu.

Na mahali pa kusimama palikuwa pamoja tu: chini ya kilima cha nyuma ya bandari, mbele ya mulango. Boti ikiingia na unga, chumvi ao simenti, kamio inayogusa mulango kwa pua njo inapakia ya kwanza. Ya pili inagusa mukia wa ya kwanza, hivyo hivyo mpaka nyuma. Hiyo ilikuwa sheria ya mashofere, na hakuna biro ya serikali iliyoiandika. Ukisogea kidogo kwenda kukojoa, unakuta muntu ameingiza pua. Boti lenyewe lilichelewa namna lilivyotaka. Kamio zikangoja, zikitoa mazutu, ile dizeli, iliyoungua nusu, moshi mweusi kama chungu.

Pembeni kabisa ya ule mulango palikuwa na nyumba ya Mama Feza. Aliuza chai, mihogo ya kuchoma na ndagala, dagaa wa ziwa, kwa hao hao mashofere. Bwana yake alikuwa kwenye migodi huko Manono, anakuja akipata njia. Feza, mutoto wake wa kwanza, alikuwa na kifua. Nilikuwa ninakunywa chai pale kila siku kabla ya kazi, na Feza alipenda kunieleza mambo ya darasani, lakini sentensi moja aliigawanya vipande: "Papa Fundi… leo mwalimu…" kisha anashika ubao wa meza, anavuta hewa na mulio kama wa mulango usio na mafuta, "…ametupa hesabu." Siku za boti nyingi hakusema hata hizo.

Muuguzi wa dispansere alimuambia mama yake wazi: "Mama, dawa nitatoa, lakini hapa ni mambo mawili. Mutoto aondolewe kwenye moshi, ao moshi uondolewe kwa mutoto."

Mama Feza alikuwa Mutabwa wa Kirungu, kule juu Marungu. Na mujue, kwa Watabwa mujomba ana neno juu ya mutoto kupita hata baba. Kaka yake akashuka na boti la Moba, muzee mupole, mwenye sauti ya chini. Akakaa siku mbili, akaona mutoto anavyohangaika. "Dada," akasema, "kwetu hewa ni baridi na safi. Nitamuchukua. Atakulia kwangu."

"Atarudi lini?"

"Arudi kwenye nini? Kwenye hii?" akaonyesha kamio kwa kidevu. Kisha akaona uso wa dada yake, akalegeza. "Mvua zikiisha nitakuja. Ikiwa moshi bado uko, ninaenda naye. Usinichukie."

Mama Feza hakumuchukia. Hakuweza pia kumufuata, alikuwa na wadogo wengine na mama yake asiyeona. Asubuhi ile alinipa chai bila majani, maji moto matupu na sukari, wala hakujua. Niliinywa yote.

Sasa nilikuwa kijana wa kuota muchana, hata muke wangu atawaambia. Jumapili moja nikasikia kwenye radio kwamba ng'ambo, kwa Wajapani, wanajaribu treni isiyo na magurudumu chini yake ikikimbia: sumaku inaibeba hewani, na umeme unaisukuma. Hakuna moshi. Nilisimama katikati ya nyumba na kijiko mukononi. Sumaku! Mimi fundi wa dinamo, ninalala na sumaku, ninaamka na sumaku! Kama treni, kwa nini si kamio? Nikaiona tayari: inashuka kilima bila sauti, inapita mbele ya dirisha la Feza, hata pazia haligeuki jeusi.

Kesho yake nikamueleza Papa Mulongo, nikingoja anicheke. Akatafuna ule ufizi wake. "Muntu asiyejaribu," akasema, "atalala na hilo swali kama kiroboto. Lete sumaku."

Tukazunguka muji mzima kutafuta opaleri, spika, zilizokufa, maana nyuma ya kila opaleri ya radio kuna sumaku ya duara. Watu wakaniita Fundi Kuelea. Tukazipanga kwenye ubao kama barabara, nyingine tukazigandisha chini ya kasanduku kepesi. Sumaku ina uso wa kupenda na uso wa kuchukia. Ukizitazamisha zenye kuchukiana, zinasukumana. Rahisi, sivyo? Niliweka kasanduku juu. Kakaruka, kakajigeuza hewani kama paka, pa! Kakashikana na ubao kwa upande wa kupenda, na kidole changu katikati.

"Inakupenda sana," akasema Papa Mulongo.

Hilo la kwanza nililojifunza: sumaku peke yake haitulii. Inatafuta kila mara njia ya kukimbilia pembeni. Papa Mulongo akapigilia mbao mbili za kando, nyembamba, akazipaka sabuni. Tukaweka kile kisanduku tena. Vijana, kikaelea! Kilitetemeka, lakini kilielea, na uzi wa jua ukapita chini yake. Tulipiga kelele mpaka watu wa garaji jirani wakaja wakidhani kuna moto.

Halafu tukaanza kukiuliza maswali ya kweli, na hapo njo penye kazi. Pale tulipoacha nafasi kati ya sumaku na sumaku, kilizama kidogo kama gari kwenye shimo. Tukaweka jiwe juu, kikalala chini kabisa. Musumari uliokuwa mezani ukaruka ukajibandika katikati ya barabara, na vumbi la chuma likafuata, tukasafisha, likarudi. Tukamuita mwalimu wa sayansi wa sekondari, kijana wa Nyunzu, mwenye roho nzuri, aliyekuja na abakosi yake ya kazi, lile koti lisilo na tai, na akapiga magoti udongoni pamoja nasi bila kujali. Alifurahi kuliko sisi.

"Sitwayeni," akasema baadaye, maana wakati ule wananchi tuliitana hivyo, akijipangusa, "mumefanya kitu kizuri. Kuelea kunawezekana. Lakini angalieni: siri haiko kwenye gari, iko kwenye barabara. Kila hatua ya njia lazima iwe na sumaku ao na bobine."

"Mpaka Niemba, barabara yote?" nikauliza.

"Mpaka Niemba. Na kila kinjia cha kuingia shambani."

Papa Mulongo akaangalia zile opaleri. "Radio zote za Zaire hazitafika hata Niemba."

"Basi bobine za umeme," nikasema. Sikutaka kushindwa. "Umeme wetu unatoka kwenye maporomoko, hauna moshi."

"Kweli," akasema mwalimu. "Lakini ukikatika kamio ikiwa njiani?"

Umeme ulikuwa umekatika wakati ule ule tukiongea. Papa Mulongo akasema, "Kamio yenye magurudumu ikikufa tunaisukuma. Ile itakuwa imelala kwa tumbo. Tutaisukuma na nini, na maombi?" Tukacheka. Tena mwalimu akatukumbusha kwamba ukitumia jenereta kuupata huo umeme, moshi haujaondoka, umehamia kwa jirani. Hilo nalikumbuka mpaka leo. Mukisikia kitu hakitoi moshi, ulizeni kwanza moshi wake umekaa wapi.

Kwa hiyo jibu langu kwa yule kijana na kwenu ni hili. Gari la kuelea ni kweli. Lafaa kwa njia moja ndefu, iliyonyooka, yenye watu wengi na umeme usiolala. Kamio inataka kugeuka, kuingia porini, kumupisha mbuzi, kuvuka matope. Kwa hiyo kwanza ipate barabara ya waya, halafu muntu wa kuilinda kila siku. Siku moja labda. Mimi sitamuzuia muntu kuota, nani kama mimi? Lakini mvua zilikuwa zinakaribia kuisha, na Mujomba hakungoja siku moja labda.

Mama Feza aliposikia kelele za garaji alimuleta Feza kuona. Nilikuwa nimeegemeza ubao kwenye tofali upande mumoja nipate kuufagia chuma. Feza akachuchumaa, akakipuliza kile kisanduku. Pumzi yake ile kidogo, vijana. Kikaenda. Kikateremuka ubao wote taratibu mpaka mwisho.

"Nimekisukuma!" akasema, kisha akavuta hewa. "Hapana… kinashuka chenyewe."

Papa Mulongo alikuwa anainama kukiokota. Akabaki hivyo hivyo, ameinama. "Kinashuka chenyewe," akarudia. Akaniangalia. "Weye, kile kilima cha bandari kinateremukia wapi?"

"Kwenye mulango wa bandari."

"Na kamio zinangojea wapi?"

"Chini."

"Chini!" akapiga paji lake. "Zimewashwa siku nzima sababu haziwezi kuamka, na zimesimama mahali pekee pasipoteremuka!"

Kila shofere wa Zaire alijua kuwasha kamio kwa kuiteremusha: unaiachia ishuke, unaweka gia ya pili, unaachia ambreyaji, ile klachi, moteri inashituka inaamka. Hakuna siri. Lakini sheria ya pua na mulango iliwafunga wote pale chini, na mimi mwenye kunywa chai katikati yao nilikuwa ninatafuta jibu huko Japani.

Mukubwa wa mashofere aliitwa Radi, kwa sababu ya sauti. Tulimukuta kwenye usukani, anakula muhogo.

"Nizime moteri?" akasema. "Fundi Kuelea, sumaku zimekuingia kichwani. Nizime, nipande kilima, boti linaingia, fulani anaingiza pua! Njo unataka hivyo?"

"Zamu itafuata namna munavyosimama kilimani," nikasema. "Wa chini wa kwanza."

"Na kule juu nitaona mulango namna gani? Kona inaficha. Boti litaita, mi nimelala."

Mama Feza, aliyekuwa anapitisha chai pale, akaweka birika chini kwa nguvu. "Radi. Unakunywa chai yangu kila siku. Umeshasikia mutoto wangu anavyopumua?"

Radi akaacha kutafuna.

"Nimekunywa nikisikia, Mama," akasema kwa sauti ndogo, na sikujua kwamba anayo. "Nilidhani ni mafua." Kisha, "Chai yako je? Tukienda juu utauzia nani?"

"Chai itapanda kilima. Miguu iko."

Jumamosi iliyofuata ya salongo, ile kazi ya lazima ya watu wote, badala ya kukata majani ya barabara kama kawaida, chefu wa mutaa alikubali tuchimbe kando ya kilima. Mashofere wote walikuja, na maboyi wao, wasaidizi wa kamio, na watu wa garaji. Tukatengeneza kipande kipana cha kusimama, na mufereji upande wa chini, gurudumu likikosea liangukie mule, lisiende kwenye nyumba za watu. Nilichonga vigingi vya muti vya kuzuia magurudumu, vyenye mukia mrefu wa kamba, ili boyi avute akiwa pembeni, asiingize mukono chini ya kamio. Mukitengeneza kitu cha kuzuia uzito, kwanza ulizeni mukono wa muntu utakuwa wapi.

Radi akawa wa kwanza kujaribu. Akazima. Kimya kile kilituogopesha wote, kama muntu amekufa. Boyi akavuta kamba. Kamio ikaanza kushuka, polepole, halafu si polepole. Ikapita kona. "Gia ya pili! Radi, gia!" Papa Mulongo anakimbia nyuma yake na miguu yake ya uzee. Ikaruka mara moja, ikakohoa, ikanyamaza. Nyumba ya Mama Feza ilikuwa mbele kabisa, na Mama Feza amesimama mulangoni na watoto, hakusogea. Ikaruka tena, mmmm! Ikaamka. Radi akaifunga breki mbele ya mulango wa bandari, akashuka anatetemeka, akasema, "Ni rahisi sana." Mpaka leo nikikumbuka ninacheka peke yangu.

Moshi haukwisha wote, sitawadanganya. Kila kamio ilitoa pumzi moja nyeusi ikiamka, na ndani ya bandari zilipopakia ziliendelea kunguruma, lakini huko upepo wa ziwa uliuchukua, na kwenye dirisha la Feza ukapungua sana. Ikabaki ile shida ya kuita, maana kweli kutoka kilimani mulango hauonekani. Siku za kwanza boyi mumoja alikimbia juu na chini, akachoka, akatoroka. Mashofere wakaanza kunung'unika, wawili wakarudisha pua zao chini. Niliona yote yanataka kurudi, na mvua zilikuwa zimekwisha.

Mujomba alifika na boti la asubuhi. Mukononi alikuwa na tiriko, sweta ya sufu nzito, ambayo muke wake alimufumia mutoto kwa baridi ya kule. Akakaa kwenye kiti cha mbele ya nyumba, anaangalia zile kamio mbili za chini zinatoa moshi. Mama Feza alikuwa amemufungia mutoto nguo zake kwenye kitenge. Nami nilikuwa nimeketi pale na kikombe changu.

Karani wa bandari akafungua mulango, akainua mukono: boti liko tayari. Hapakuwa na boyi wa kuita. Zile kamio mbili zikasogea kuiba zamu.

Feza akatoka nyumbani, akasimama katikati ya barabara mbele ya pua ya kamio ya kwanza, akageukia kilima, akaweka mikono mudomoni.

"Raaadi! Zamu yako, nyuma yako Kabwe, halafu yule shofere wa Nyunzu, na hawa wawili wa chini wanataka kuwaibia, vuteni kamba mushuke upesi!"

Yote hayo bila kukata, mara ya kwanza tangu nimujue. Huko juu sauti ikajibu, "Nimesikia! Mi si kiziwi!" Mashofere wawili wa chini wakaangalia pembeni kwa haya, mumoja akazima moteri yake mwenyewe, akaomba watu wamusukumie kando.

Mujomba alikuwa amesimama. "Feza," akasema, "rudia vile ulivyosema."

"Yote, Mujomba?"

"Yote."

Akarudia, kwa haraka zaidi, na akaongeza tusi dogo kwa wale wawili ambalo mama yake alijifanya hakulisikia. Mujomba akaweka sikio lake juu ya mugongo wa mutoto, akasikiliza muda mrefu. Halafu akaichukua ile tiriko, akamuvika ndugu mudogo wa Feza aliyekuwa anazunguka pale, ambaye akaanza kutoka jasho papo hapo, na akaketi tena kwenye kiti.

"Dada," akasema, "fungua hicho kitenge, nguo zisikunjamane. Na mimi sijapewa chai."